Nyota Moja kwa Shubiri

Mama Pacha hakufungua mlango wote. Alifungua nusu, nusu iliyobaki akaiziba kwa mwili wake, na Mungu alikuwa amempa mwili wa kuziba milango.

"Leo hapana, shemeji," alisema.

Rangi alikuwa amesimama koridoni ndani ya shati jeupe alilolipiga pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Alikuwa amejisugua mikono kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni, halafu kwa ndimu, na bado chini ya kucha palibaki buluu ya kibao cha duka la dawa. Kuchora vibao vya maduka ndiyo kazi iliyompa jina. Hata mama yake mzazi siku hizi alimwita Rangi.

"Hapana ya nini, dada yangu? Leo ndiyo siku yenyewe. Mama amewasha jiko tangu asubuhi. Mwambie mwenzako nimefika, avae viatu twende."

"Amekusikia. Kuta hizi ni karatasi."

"Basi anijibu mwenyewe."

"Mdomo unamuuma."

Tabasamu likamtoka Rangi usoni. Juu ya bega la Mama Pacha aliona kipande cha chumba: gauni la kijani likining'inia kwenye msumari, lile walilokubaliana kuwa ndilo la kwenda nalo kwa mama mkwe, na kando yake kioo, kimegeuzwa kikatazama ukuta.

"Mwache aingie, dada," sauti ilisema kutoka ndani. Maneno yalitoka yamevimba. "Aje aone kazi yake."

Mama Pacha akasogea. Rangi akaingia.

Shubiri alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, mgongo wima, kitambaa chenye maji kimeshikwa shavuni. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Mdomo wa chini ulikuwa na nyuzi mbichi za hospitali. Na shingoni, pale ambapo Rangi alikuwa akipenda kutua macho kila alipoishiwa na maneno, palikuwa na alama za vidole, kila kidole mahali pake, kama mtu alikuwa ameshika chupa.

Alipiga magoti pale pale. Akanyoosha mkono, akaurudisha kabla haujamgusa.

"Nani?"

Shubiri akageuza kitambaa upande wenye baridi.

"Nani, mpenzi? Nitajie. Nitajie jina tu, au mtaa, au rangi ya shati. Mimi leo nitalala jela. Wallahi leo nitalala jela na nitalala usingizi mzuri!"

"Keti, simba," Mama Pacha alisema, akafunga mlango. "Aliyefanya amekwenda zake jana usiku. Na wewe kumpiga mtu hujui. Unajua kumpaka mtu rangi."

Rangi hakuielewa kauli ile. Akamtazama Shubiri amweleze, na jicho moja lililobaki wazi lilikuwa likimtazama yeye. Alikuwa akilifahamu jicho lile. Kwa miezi mingi lilikuwa likimtazama kama mtu anayetazama chakula akiwa ameshibisha njaa za dunia nzima isipokuwa hiyo moja. Leo lilimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

Walikutana kwa sababu ya ngazi. Rangi alikuwa akichora kibao cha saluni iliyo chini ya jengo hili, ngazi yake ikateleza, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akaikumbatia kwa mikono yote miwili na kuibana kwa goti. Aliposhuka, mwanamke yule alimletea maji ya kunywa.

"Asante, dada. Unafanya kazi hapa saluni?"

"Ghorofani. Na sisuki. Wanaume wanapanda, wanaume wanashuka. Umenielewa au nikuchoree?"

"Mchoraji ni mimi," Rangi alijibu, na ndivyo walivyocheka kwa mara ya kwanza.

Jina la Shubiri alipewa na wateja kwa kumtukana. Akalichukua, akalivaa kama bangili. Kwa Rangi aliweka sharti moja tu: "Siku utakayoingia chumbani kwangu kama mteja, utatoka kama mteja." Rangi hakuwahi. Alikuja mchana, wakaketi kwenye ngazi za nyuma wakila machungwa, akamsomea mashairi aliyoyatunga huku akichanganya rangi, na jua lilipoanza kushuka Shubiri alimsukuma begani: "Haya, nenda. Nina kazi." Akaenda, kila siku akijiambia kwamba ana moyo mpana, kila siku moyo ukimbana zaidi. Mpaka alipopata ujasiri wa kumwambia mama yake kwamba anataka kuoa, na mama, baada ya kununa na kunung'unika, akakubali kumwona.

"Nisikilize," Shubiri alisema sasa. "Naongea polepole kwa sababu ya nyuzi. Usinikate."

"Sikukati."

"Alikuja mtu. Kijana msafi, ananukia vizuri. Nikamwambia masharti yangu kabla hajavua viatu, kama ninavyowaambia wote. Akacheka. Akasema, 'Hayo waambie wengine.' Nikamwambia hapa hakuna wengine, hapa kuna mpira au mlango. Akatoa simu. Akasema, 'Hebu usinitanie, mbona wewe umesifiwa?' Akanisomea."

"Akakusomea nini?"

"Ule ukurasa wao. Ule wanaotupimia nyota."

Rangi alitazama buluu iliyo chini ya kucha zake.

"Alisoma vizuri," Shubiri aliendelea. "Amesoma shule, yule. 'Wanaosema ni mkali hawajui kubisha hodi. Sauti yake ni maji ya mtungini: hayana barafu, lakini yanakata kiu mpaka kisogoni. Mwendee kwa upole, hakukatalii kitu. Ukitoka hapo utahisi unatoka kwenu.' Nyota tano. Akaniuliza, 'Sasa upole wako uko wapi?' Nikamwonyesha mlango. Akaniuliza tena, mkono wake ukiwa hapa." Aligusa shingo. "Aliendelea kuuliza hivyo hivyo, 'upole wako uko wapi,' mpaka dada alipovunja komeo."

Nje, chini barabarani, mtu alikuwa akiita wanunuzi wa ndoo.

"Umeyatambua?" Shubiri aliuliza.

"Watu wengi wanaweza…" Rangi alianza.

"Usifanye hivyo. Nakuomba. Nimepigwa, sijapumbazwa." Aliondoa kitambaa shavuni, akakikunja, akakikunja tena. "Maji ya mtungini. Nilikupa maji umeshuka kwenye ngazi, ukayanywa, ukaniambia maneno hayo. Mimi siambiwi maneno. Mimi huambiwa geuka. Siku ile nililala na maneno yako, nikaamka nayo, nikayaweka mahali ambapo siweki kitu cha mtu. Jana nikayasikia kwenye kinywa cha mtu aliyenikaba."

Rangi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukingo wa kitanda.

"Ni mimi," alisema ndani ya shuka.

"Najua ni wewe. Nilijua kabla hajamaliza sentensi. Unajua nilichofikiri? Pumzi inakatika, na mimi nafikiri: kumbe Rangi anaandika vizuri."

Mama Pacha aligeukia dirisha, akajifanya anatafuta kitu.

Ilikuwa hivi. Katika duka analonunulia rangi, vijana wawili walikuwa wakisomeana ukurasa ule kwa sauti, wakicheka. Rangi alikuwa hana habari nao mpaka aliposikia jina. "Shubiri tupu," mmoja alisoma. "Mpira lazima. Macho kwenye saa. Hacheki. Ukisogeza mkono asikotaka, anakuonyesha mlango. Huduma mbovu, tabia mbovu. Nyota moja." Damu ilimpanda. Aliacha makopo ya rangi kaunta, akaenda kibandani kwake, akajiandikisha kwenye ukurasa kwa jina la Msafiri, na kwa hasira ile ile akaandika sifa kama mteja aliyetoka huko akiwa na furaha. Hakuona dhambi. Maisha yake yote alikuwa akisifu asivyovionja. Aliandika "Chakula Kitamu" kwenye mgahawa ambamo hakuwahi kuketi. Aliandika "Kinyozi Bingwa" kwa mtu aliyewahi kumkata sikio. Kibao ni kibao. Kazi yake ni kuwafanya watu waingie.

"Walikutukana," alisema sasa, ameinua kichwa, na hasira ya siku ile ikamrudia kidogo. "Walikuweka pale kama kiatu kibovu, watoto wale, wanachekelea! Ningekaa kimya? Mwanaume gani anasikia anayempenda akitukanwa akaendelea kununua rangi?"

"Mwanaume anayeuliza kwanza," Mama Pacha alisema bila kugeuka.

"Dada, nilikuwa namtetea!"

"Kwa nani? Nani alikutuma?" Sasa aligeuka, mikono kiunoni. "Sikiliza, shemeji, nikueleze kazi za watu. Zile nyota moja, sisi tunazipenda. Umeshangaa? Mtu akisoma 'mpira lazima, ni mkali, anafukuza', halafu bado akapanda ngazi, huyo amekwisha kukubali masharti tangu chini. Asiyetaka, hapandi. Anakwenda kusumbua kwingine. Mimi mwenyewe nina mteja wangu mmoja, mtu mzima, ana adabu zake. Kila baada ya muda namwomba: baba, niandikie kwamba nina roho mbaya. Ananiandikia. Huyu hapa alikuwa na ukuta mzima wa matusi, ameujenga tangu nimfahamu, tofali kwa tofali. Wewe ukaja na brashi yako."

"Sikujua."

"Hukujua. Umemwaga mtama penye kuku wengi, halafu unasema hukujua kuku wanakula mtama."

Rangi alimgeukia Shubiri. Alitafuta neno. Yeye ambaye maneno yalimjia akiwa juu ya ngazi, akiwa anakula, akiwa usingizini, alitafuta neno moja na akapata lile lililo baya kuliko yote.

"Lakini nilisema ukweli. Wewe ni mpole."

Shubiri alivuta pumzi kwa pua.

"Kwako," alisema. "Nilikuwa mpole kwako. Upole ule ulikuwa wako, Rangi. Sikuwa na kingine cha kukupa, vingine vyote vina bei. Nilikupa hicho kimoja ambacho hakuna mtu anakijua, na wewe ukakitandaza barabarani kila mpitaji achukue."

"Na 'hakukatalii kitu', nilimaanisha… nilimaanisha moyo wako. Nikikuomba ushauri. Nikikuomba uniimbie."

"Wao wasingejua. Wangejuaje? Umeandika kwenye ukurasa wa wanaume wanaonunua."

"Nitamtafuta. Nitamtafuta yule mtu mpaka…"

"Kituoni tumeshakwenda," Mama Pacha alidakia. "Walituuliza kama alimtimizia mteja walichokubaliana. Na wao wanataka kutoa nyota."

Shubiri karibu acheke, nyuzi zikamkatalia. Alikunja uso, akarudisha kitambaa mdomoni, na Rangi akaona tone jekundu likienea kwenye kitambaa cheupe. Alitaka kumpangusa. Hakuthubutu. Walikaa hivyo, umbali wa mkono mmoja, na Rangi hakuwahi kumtamani kama wakati ule. Alitamani kuwa kitambaa.

"Unajua kinachoniuma?" Shubiri alisema tone lilipokwisha. "Si sifa wala matusi. Yote mamoja. Siku ile nilipopata habari za msiba wa baba, nilifanya kazi. Ningefanyaje? Kesho yake nikasoma: 'Ana uso wa msiba, haonyeshi kufurahi, nimempunguzia nyota.' Sikulia kwa baba mpaka niliposoma hilo. Nikajiambia basi, wapime kitanda, wapime shuka, waseme chumba kina joto. Lakini uso wangu? Kucheka kwangu? Wewe watu wanapima vibao vyako. Kuna aliyeandika kwamba Rangi hakufurahi alipokuwa anachora?"

"Hakuna."

"Nilidhani kuna mtu mmoja duniani ambaye hanipimi." Alishusha kitambaa. "Na wewe ukanipa tano."

Rangi alilia. Hakujificha, hakuwahi kujua kujificha, iwe hasira, iwe furaha. Machozi yalidondoka kwenye kifua cha shati lile jeupe, na Shubiri aliyatazama yakidondoka, na mkono wake wa kushoto, ule usio na kitambaa, ulisogea kidogo juu ya shuka kuelekea kichwa chake. Ulifika nusu ya njia.

Simu ya Rangi ikalia mfukoni. Mkono ukarudi.

Kwenye kioo cha simu palikuwa na neno moja: Mama. Akaikata. Ikalia tena.

"Pokea," Shubiri alisema. "Mzazi hakatwi simu. Weka sauti tusikie sote, mimi pia nilialikwa."

Akapokea, akaweka sauti.

"We mtoto!" Mama aliunguruma chumba kizima. "Chakula kimepoa, nimekipasha, kimepoa tena. Huyo bibie wako anajipamba kwa ajili yangu au kwa ajili ya rais? Na umwambie aje na vifaa vyake vya kusukia. Jirani yangu hapa amefumua nywele tangu asubuhi, nimemwambia mkwe wangu ni msusi, tena wa saluni kubwa, umesema mwenyewe saluni kubwa! Haloo? Unanisikia?"

Mama Pacha aliziba mdomo kwa kiganja.

Shubiri alimtazama Rangi. Hata jicho lile lililovimba lilionekana kutaka kufunguka limwone vizuri.

"Msusi," alisema kwa sauti ya chini.

"Ningemwambia taratibu," Rangi alinong'ona. "Akishakuzoea, akishakupenda…"

"Kila kitu unakipaka rangi." Alinyoosha mkono. "Nipe simu."

Rangi akampa. Angeweza kuikata, na baadaye, usiku na mchana, atajiuliza kwa nini hakuikata.

"Shikamoo, mama," Shubiri alisema.

"Marahaba, mwanangu! Ah, ndiwe? Mbona sauti nzito hivyo?"

"Nimeumia mdomo, mama. Leo sitaweza kuja. Naomba unisamehe, najua umepika."

"Ee, pole! Pole sana, mama yangu. Na mimi hapa nakununia bure." Sauti ya mama ilikuwa imelainika ghafla, ikawa sauti ya mtu anayeketi. "Umefanyaje? Umeanguka? Kanunue chumvi usukutue. Au nimtume huyo mwanangu akuletee uji? Usione ninapiga kelele, mimi ndivyo nilivyo. Huyu baba yake alikufa akiwa ananidai ukimya."

Mama Pacha alicheka kwa pua, akajifuta macho. Shubiri hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili, kama alivyoishika ile ngazi, na kwa kitambo kidogo ilionekana kwamba atajibu: ndiyo, mama, nilianguka, ndiyo, mama, nipe uji. Rangi alimwomba kwa macho. Alimwomba kwa roho yake yote.

"Mama, mimi si msusi," Shubiri alisema. "Nafanya kazi ghorofa ya juu ya saluni. Nauza mwili. Aliyeniumiza alikuwa mteja. Nimeona usikie kwangu."

Walisikia sufuria ikifunikwa, mbali, na sauti ya jirani ikiuliza: vipi, anakuja?

"Mpe mwanangu simu," mama alisema.

Akampa.

"Rudi nyumbani," mama alimwambia. "Peke yako."

Ikakatika.

Mama Pacha aliinuka, akachukua ndoo tupu, akasema anakwenda kuteka maji. Ndoo ya maji ilikuwa imejaa pale mlangoni, aliiruka, akatoka.

Wakabaki wawili.

"Umeniua," Rangi alisema. "Ungenyamaza siku moja tu."

"Ningenyamaza leo, ningenyamaza mpaka nife. Ningekuwa msusi wa saluni kubwa nyumbani kwa mama yako, na maji ya mtungini kwa wanaume wa mjini. Mimi ningekaa wapi?" Alirudisha macho kwenye simu. "Fungua ule ukurasa."

"Niyafute yale maneno? Nayafuta sasa hivi."

"Futa kwanza."

Alifuta. Haikusaidia sana. Chini yake walikuwa wamejaa wengine. Mmoja alikuwa amenakili maneno ya mtungi akayaweka chini ya jina lake mwenyewe. Mwingine aliandika "nathibitisha". Wanaume ambao hawajawahi kukanyaga ngazi za jengo hili walikuwa wanathibitisha.

"Sasa andika," Shubiri alisema. "Kwa jina lile lile la Msafiri, wanaloliamini. Nyota moja."

"Siwezi."

"Kidonda kikipona narudi kazini. Dada hawezi kuvunja komeo kila siku. Naujenga upya ukuta wangu, na tofali la kwanza unaliweka wewe."

"Usirudi kazini! Njoo kwangu. Leo. Mama atanuna, atanyamaza, mimi nitachora vibao mchana na usiku, tutakula hata chumvi…"

"Nije kwako na shingo hii?" aliuliza, bila ukali. "Kila utakapofungua mdomo kunibembeleza, nitakuwa nasikia sauti ya nani? Andika, Rangi. Ulinisifu kwa watu usiowajua bila kuniuliza. Kunitukana ninapokuomba unashindwa?"

Aliandika. Vidole vilivyokuwa vikichora herufi kubwa kuliko mtu vilijikwaa kwenye herufi ndogo. Akamwonyesha. Shubiri alisoma, akatikisa kichwa.

"'Ana masharti yake, wateja wazingatie.' Hilo ni tangazo la shule. Hakuna atakayeliogopa. Andika kama mtu aliyefukuzwa."

Rangi alimtazama. Alitazama gauni la kijani, kioo kilichogeuzwa, shingo ile. Halafu kitu kikakatika ndani yake, na maneno yakaja, kama yalivyozoea kuja, yote kwa pamoja, yakisukumana.

Aliandika: "Niliandika uongo, nilikuwa nimelewa. Msiende. Shubiri ni jina lake na ni ladha yake. Anasema hapana, na hapana yake haina mlango wa nyuma. Mpira au barabara. Ukipandisha sauti, jirani yake anavunja milango. Hacheki. Hana upole, au kama anao hutaupata wewe, wala mimi sikuupata. Nilipanda nikidhani napendwa, nikashuka nimenyamaza. Nyota moja, kwa sababu hawana sifuri."

Akampa simu bila kuyasoma tena.

Shubiri aliyasoma polepole. Aliyasoma mara ya pili, midomo iliyoshonwa ikifuata maneno bila sauti. Alipofika mwisho, kidole gumba kilikuwa juu ya kioo.

"Hii wataiamini," alisema. Akabonyeza, ikaenda.

Halafu mkono ule wa kushoto ukaimaliza safari yake. Ulitua kichwani kwa Rangi, ukakaa hapo, mzito, wenye joto la homa. Rangi alifumba macho. Alisubiri neno.

"Nenda," Shubiri alimwambia. "Chakula cha mama kinapoa."

"Nikirudi?"

"Ukibisha hodi nitasikia."

"Utafungua?"

Mkono uliondoka.

Alitoka. Kabla hajafika mwisho wa korido alisikia komeo jipya likisukumwa, chuma juu ya chuma, likifika mwisho. Kwenye ngazi alimpita Mama Pacha aliyekuwa ameketi juu ya ndoo yake tupu, akimsubiri apite. Hawakuagana.

Ngazi ya chini zaidi, karibu na kibao cha saluni alichokichora mwenyewe, kilichosema *Karibuni Wote*, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu, mwanaume mmoja alikuwa akipanda. Mtu wa makamo, kofia mkononi, simu mkono wa pili.

"Samahani, ndugu," alisema. "Hivi huyu anayeitwa Shubiri ni mlango gani? Wanasema ni mpole sana."

Rangi alisimama ngazi mbili juu yake, akaziba njia.

"Nani wanasema?"

"Humu," mtu yule alisema, akiinua simu kidogo kwa aibu. "Wameandika."

"Nimetoka kwake sasa hivi," Rangi alisema. "Usijisumbue. Amenifukuza."

Yule mtu alimtazama. Aliliona shati jeupe lililolowa kifuani, akayaona macho, na chochote alichokiona humo kikamtosha. Alivaa kofia yake.

"Pole, ndugu yangu," alisema, akigeuka kushuka. "Kumbe ni shubiri kweli."

"Shubiri tupu," Rangi alijibu.